Nyumba ya Heshima ya Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanasonga ugali na kuanika nguo kwenye kamba, Mzee Nyati aliishi juu ya kilima, karibu na chemchemi, pamoja na mke wake na ndama watatu. Chini ya kilima, katikati ya mawe, aliishi Pimbi na watoto wake. Pimbi ni mnyama mdogo, anaenea kwenye kikapu cha sokoni.

Maji ya chemchemi yaliteremka mpaka kwa Pimbi. Na familia ya Nyati, wakibanwa na haja, walijisaidia papo hapo kando ya chemchemi. Mvua ikinyesha, kila kitu kilishuka.

Siku moja kitindamimba wa Pimbi, jina lake Tumbwe, akaanza kuharisha. Asubuhi mara tatu, mchana mara tano. Jua lilipoanza kushuka macho yake yalikuwa yamezama, hana nguvu hata ya kulia. Pimbi akamfunga mgongoni na kukimbia naye kwa Korongo, mganga wao.

Korongo alimfinya Tumbwe ngozi ya tumbo, akamtazama ulimi, kisha akampa maji ya chumvi na sukari aliyoyapima mwenyewe.

"Mnyweshe kidogo kidogo, usichoke," alisema. "Akitapika, tulia kidogo, halafu uendelee. Sasa niambie, Mama Tumbwe, mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya kijito."

"Mnayachemsha?"

Pimbi akatikisa kichwa.

"Kuanzia leo yachemshe. Lakini huko juu yakiendelea kuchafuliwa, utanizoea mpaka tuitane ndugu."

Pimbi hakulala siku mbili, kijiko mkononi. Siku ya tatu Tumbwe akaomba uji. Hapo Pimbi akajitanda khanga, akapanda kilima.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Nani anaongea? Sioni mtu."

"Niko hapa chini, mzee, karibu na kwato zako. Nimekuja kukuomba. Maji haya yalikaribia kumuua mtoto wangu. Naomba msijisaidie tena kando ya chemchemi. Tuchimbe shimo kule nyuma ya kilima, mbali na maji."

Nyati akacheka mpaka mkia ukatikisika. "Babu yangu alijisaidia hapa. Baba yangu alijisaidia hapa. Leo mimi nichimbe shimo kwa sababu tumbo la pimbi limeuma? Nenda, mama, nenda."

Wakati huohuo ndama mmoja alitoka nyumbani mbio, ameshika tumbo, akachuchumaa kando ya chemchemi. Pimbi alimwona. Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Kesho yake Nyati alisikia kitu nyuma ya kilima. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaenda kutazama. Akamkuta Pimbi anachimba, vumbi mpaka kwenye kope.

"Unafanya nini hapa?"

"Hakuna kitu, mzee," alisema Pimbi, akalifunika shimo haraka kwa majani. "Si jambo la kukuhusu. Hii ni kazi ya wakubwa."

"Wakubwa gani wanaonizidi mimi?"

Pimbi alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Mzee, nimesikia Tembo anataka nyumba ya heshima. Ina chumba kimoja na mlango. Mkubwa akiwa na haja, haendi hadharani kama mbuzi. Anaingia, anafunga. Wote wanasubiri nje, hata mke wake anabisha hodi. Akitoka anamiminiwa maji mikononi, ananawa kwa sabuni, kama mgeni karamuni."

Nyati akalisogelea shimo. "Ondoka hapo."

"Lakini mzee, Tembo..."

"Nimesema ondoka. Hilo shimo ni langu."

Akachimba kwa pembe. Gubu, gubu, gubu. Kabla jua halijatua shimo lilikuwa na kina cha nyati wawili. Siku ya pili akajenga kuta, akaezeka, akatia mlango. Mtungi wa maji na kipande cha sabuni vikakaa nje. Akatoa amri kwamba familia ya mkubwa isionekane tena ikichuchumaa kando ya maji. Mke wake na ndama wakapanga foleni.

Miezi miwili ikapita. Akaja mgeni, Ngiri, binamu yake kutoka ng'ambo ya mlima. Nyati akamwongoza mpaka kwenye mlango ule.

"Umewahi kuona nyumba ya heshima?"

Ngiri akachungulia. "Hiki ni choo, binamu. Kwetu kila mtu anacho. Hata panya."

Nyati aliteremka kilima huku mawe yakiporomoka mbele yake. Alimkuta Pimbi anapepeta mchele.

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya, mzee," alisema Pimbi, akauweka ungo chini. "Nilikuomba kwa ukweli ukanicheka. Nikakwambia uongo ukachimba."

"Leo hii nakwenda kulifukia shimo lile."

Akapanda tena kwa hasira, akaanza kusukuma udongo. Mke wake akaja, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Fukia, baba," alisema. "Ila kwanza nijibu. Ni lini mara ya mwisho mtoto wako alilia tumbo?"

Nyati akafikiri. Akafikiri tena. Ndama wa kwanza hakuwa amelia, wa pili hakuwa amelia, na wa tatu, yule aliyekuwa amekonda, alikuwa amenenepa mashavu. Akauacha udongo.

Wiki iliyofuata wanyama wa chini walisikia gubu, gubu, karibu na mawe ya Pimbi, mbali na kijito. Nyati alikuwa anawachimbia majirani choo cha pili, na akamwambia kila aliyepita kwamba wazo ni lake yeye Nyati. Pimbi alimletea maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa, wala hakumbishia.

Basi, wanangu, anayetaka watoto wake wawe na afya, na ayalinde pia maji ya jirani.