Kioo cha Fundi Desideri

Hapo zamani, siku ambazo umeme ukikatika Iringa watu walitandika mikeka uani badala ya kununa, paliishi fundi bomba aliyeitwa Desideri. Mchana alizibua mabomba ya watu. Jioni alitazama nyota. Mimi nitasimulia, ninyi mtaamua, kwa hiyo sikilizeni hadi mwisho.

Desideri alikuwa na mke, Atanasia, na watoto watatu: Leonsia, Benedikto na Yustina. Katika kitabu kimoja kikuukuu alisoma kwamba mtu anaweza kujitengenezea darubini kwa bomba nene la plastiki na kioo kilichochimbwa kidogo katikati, kama sahani. Bomba alikuwa nalo. Kazi ilikuwa kioo.

Kioo hicho husugui ukiwa umeketi. Unaweka kioo kimoja juu ya pipa, unamwagia maji na unga wa msasa, unasukuma kioo cha pili juu yake, kisha unapiga hatua moja kulizunguka pipa. Unasukuma, unapiga hatua. Unasukuma, unapiga hatua.

Wiki ya pili mgongo wa Desideri ukagoma. Leonsia, kifungua mimba, akashika kioo. Akitoka shule, analizunguka pipa. Akimaliza kuchota maji, analizunguka pipa. Miezi mitano. Benedikto alimcheka: "Dada, umefungwa kamba kama mbuzi?" Yeye anazunguka tu.

Kioo kikakamilika, kikapakwa fedha, kikawekwa ndani ya bomba, chini kabisa. Jioni ya kwanza, vyombo vya chakula havijaoshwa, wakaiona sayari ya Zohali imevaa pete yake.

Mtaa mzima ukaja kuchungulia. Desideri aliweka sheria moja: sema ulichokiona, na kama hujaona, sema hujaona.

"Fundi, mimi naona kope zangu tu," alisema jirani mmoja.

"Vizuri, mama. Kope ni zako kweli. Ngoja nisogeze."

Atanasia naye huita toka jikoni: "Desideri, huko juu hakuna bomba la kuzibua! Shuka ule, ugali unapoa."

Jioni zilikuwa hivyo, na hakuna aliyejua kwamba zilikuwa chache.

Leonsia akaolewa Mafinga. Benedikto akafungua karakana yake ng'ambo ya mto. Desideri akaugua, na macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Akaanza kulalamika: "Zohali imefifia siku hizi."

Atanasia akalifungua bomba, akakuta kioo kina vumbi. Sasa, katika nyumba ile kila kilichofifia kilisuguliwa kwa majivu: sufuria, chemli, hata medali ya Bikira Maria. Akachukua majivu na gunzi, akakisugua kioo kwa nguvu zake zote, mume wake apate kuona. Alipokisuuza, kilikuwa na mikwaruzo tupu.

"Mama, usilie," alisema Benedikto. "Kilichosuguliwa kinasuguliwa tena." Akakichukua kwenda karakana. Kila siku baada ya kazi, miezi mitatu, alilizunguka pipa peke yake. Baba hakuambiwa.

Nyumbani alibaki Yustina, kitinda mimba. Alimwogesha baba, alimlisha baba, na kwa miaka sita aliandika daftarini mahali kila sayari ilipokaa. Jioni moja pumzi ya baba ikawa fupi. Akasema, "Nitoe nje, mwanangu. Nataka kuchungulia."

Kioo kiko karakana. Bomba ni tupu. Yustina akamtoa nje, akalielekeza bomba pale pale Zohali ilipo, akaliegesha jicho la baba kwenye lenzi ya kuchungulia.

"Pete imekaaje?" aliuliza mzee.

"Imeinama kidogo, baba. Upande wa kushoto."

Desideri akafumba jicho la pili. Kisha akasema, "Naona."

Siku ya tatu akafariki.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, na mwenye nyumba akaitaka. Atanasia akaamua kurudi kwao kijijini. Mwisho wa mwezi watoto wakaja kumsaidia kupakia lori. Jua lilipozama, vyote vilikuwa vimeshapakiwa isipokuwa darubini, na kioo chake kilichosuguliwa upya kimesharudi ndani. Kila mmoja alitaka kuondoka nayo, maana hakuna kingine kilichobaki chenye alama ya mkono wa baba.

Leonsia akasema, "Mama, nani alizunguka lile pipa? Wanangu hawakumfahamu babu yao. Watamfahamu kupitia hii."

Benedikto akasema, "Dada, kazi yako iliishia kwenye majivu. Samahani, mama. Uso wa kioo unaong'aa leo ni kazi ya mikono yangu. Bila mimi mngegombania bomba la maji machafu."

"Wewe ulisugua juu juu. Bonde nililichimba mimi."

Yustina akasema, "Haya, Zohali ile pale inachomoza. Ielekezeni."

Leonsia akalielekeza bomba, asione kitu. Benedikto naye akajaribu, akachungulia muda mrefu.

"Umeona nini, kaka?"

"Antena ya jirani."

Yustina akaligusa bomba mara mbili tu. "Chungulieni." Ilikuwapo, na pete yake. Wote watatu wakafuta machozi, kila mmoja akimficha mwenzake.

Lakini Benedikto akasema, "Hata hivyo, wewe ulimchunguliza baba bomba tupu. Baba hakuweka ila sheria moja, na wewe uliivunja akiwa anakata roho."

"Na yeye aliposema anaona," alijibu Yustina, "aliivunja pia?"

Wakamgeukia mama yao.

"Amua wewe, mama."

"Mimi niliyekiharibu ndiye niamue?"

"Wewe ndiye mama."

Dereva akapiga honi. Atanasia akalipakata bomba, akawatazama mmoja baada ya mwingine: aliyekichimba kioo, aliyekifufua, na aliyemwonyesha baba Zohali bila kioo. Mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa.

Haya, ninyi mliokaa kimya tangu nianze: darubini haigawanyiki, na lori linaondoka. Je, nani alistahili?