Kipande cha Kwanza cha Mkate

"Rudi nyuma, Nonna. Nguo zako bado zinanukia ubani."

"Na wewe, dada, unapumua kwa sababu ya ubani huohuo."

Hapo zamani, enzi za makaisari, katika mji mmoja kando ya mto Nile, ndivyo walivyogombana ndugu wawili mlangoni mwa kanisa. Sikilizeni kisa chao, kisha mtaamua ninyi.

Kanisa lile lilikuwa limefungwa na askari kwa miaka mingi. Siku lilipofunguliwa, Askofu Amoni alisema, "Kipande cha kwanza cha mkate wa Bwana nitampa yule ambaye sura ya Mungu ilionekana kwake siku za mateso."

Tekla, yule dada mkubwa, akasogea. Jicho lake moja halikuwepo.

"Waliniambia niweke punje ya ubani mbele ya sanamu ya Kaisari, niende zangu. Nikakataa. Wakaning'oa jicho, nikakataa. Wakanoa upanga, nikakataa. Mimi sikumwacha Mungu."

Nonna alikuwa nje pamoja na waliotengwa kwa kumkana Mungu siku za mateso. Desturi yao ilikuwa kulia mlangoni, wakiwasihi wanaoingia wawaombee. Nonna hakulia.

"Asubuhi ile dada angekatwa kichwa. Mkuu wa askari akasema, mmoja wa nyumba yenu akichoma ubani, tutamwachilia. Nikachoma. Mungu aliacha enzi yake akashuka kwenye matope yetu ili atutoe. Nami nilishuka nimtoe dada yangu. Hata humo matopeni, Mungu hakuniacha."

"Yeye alishuka bila kumkana mtu," alisema Tekla. "Tena mimi sikukuomba."

"Sisi nasi hatukumwomba ashuke."

Hapo Paesi mfinyanzi akajipenyeza, akiburuta mguu. Huyu alikuwa bado anafundishwa imani, hajabatizwa, na kila ibada, mkate ukiletwa, aliambiwa atoke nje na wenzake.

"Askari walipouliza Wakristo ni nani, ningeweza kunyamaza, maana sikuwa bado Mkristo. Nikasema, mimi. Wakanipeleka machimboni. Ninyi mlinitoa kwenye mkate, lakini kwenye minyororo hamkunitoa. Mimi nilimwitikia Mungu kabla maji ya ubatizo hayajanigusa."

Waumini wakaanza kubishana. Wengine walisema jicho la Tekla latosha. Wengine walisema aliyeokoa uhai hawezi kuachwa nje. Wengine walimtazama Paesi na mguu wake.

Askofu Amoni akaja mpaka mlangoni, mkate mkononi. Hakuna aliyeinamisha kichwa kati ya wale watatu. Akawatazama, kisha akawageukia watu wote.

"Siku zile mimi nilikimbilia jangwani," akasema, "kwa hiyo siwezi kuwaamua hawa. Huyu hakumwacha Mungu. Huyu hakuachwa na Mungu. Huyu alimwitikia kabla ya wakati wake. Semeni ninyi, je, nani anastahili kula kwanza?"