Kilemba cha Sultani Ghanimu Kilipolazwa Kitandani

Hapo zamani, na zamani yenyewe usinihesabie miaka kwa vidole ukaniaibisha mbele za watu, palikuwa na mji uitwao Ungwanani, na mimi nilikuwapo. Sikuhadithiwa. Kazi yangu ilikuwa kumpepea Sultani, nikisimama nyuma ya kiti chake tangu asubuhi hata alasiri, na ingawa chuoni niliishia njiani, macho yangu hayakuacha kitu njiani.

Basi Sultani huyo, jina lake Ghanimu, alishikwa na maumivu ya shingo. Hageuki kuume, hageuki kushoto. Akitaka kumtazama mtu, hugeuzwa kiti kizima, na kiti chenyewe chataka watu wanne. Matabibu wakamnywesha shubiri, wakampaka mafuta ya kila mnyama mwenye mafuta, wakamchanja, wakamkanda hata akatoa machozi. Mwisho akawafukuza wote, akaapa kwamba dawa haitaingia tena mwilini mwake.

Na mji ule ulikuwa na mila yake. Kila mwaka wa utawala, Siku ya Mwaka ikifika, kilemba cha Sultani huongezwa dhiraa tano za melimeli juu ya zile za zamani. Wala hakivuliwi kwa raha, ila kwa kuoga tu. Hata akilala hulala nacho, kimeegemezwa mito. Ghanimu alikuwa katika mwaka wa ishirini na saba. Kilemba kilishinda mzinga wa nyuki kwa ukubwa, na milango mitatu ya jumba ilikwisha kubomolewa ili kipite. Hakuna aliyethubutu kukikodolea macho, sembuse kukisema.

Katika mji huo alikaa fukara mmoja aitwaye Vuai, hana shamba wala punda, naye alitibu watu bila dawa. Mwenye mgongo humkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Mwenye koo humsukutuza maji ya chumvi. Mwenye mafua humfunika shuka juu ya chungu kinachofuka mvuke. Na mwenye kuumwa na kichwa humwuliza kwanza leo amekunywa maji mara ngapi. Ujira wake ulikuwa sahani ya chakula. Waziri Jabu alimchukia, kwa kuwa alimwendea siku moja kwa ajili ya goti, na Vuai akamwambia goti halina neno, linalalamikia tumbo lililo juu yake.

Ikawa Waziri akamnong'oneza Sultani habari za mtu huyo, akijua anamchimbia shimo, na Vuai akaletwa barazani.

"Vuai," akasema Sultani, akimtazama kwa pembe ya jicho kwa kuwa kiti kilikuwa hakijageuzwa, "utaniponya shingo kwa siku saba. Sinywi kitu, sipakwi kitu, sichanjwi, wala mkono wa mtu hautagusa mwili wangu. Ukishindwa, wewe na mkeo mtavushwa mto, na mashua haitarudi kuwachukua."

Vuai akainama, akatoka barazani. Mkewe, Bi Kidawa, alikuwa na mimba ya miezi minane, na ng'ambo ya mto hapakuwa na mkunga. Palikuwa na nyati. Akaenda nyumbani akamweleza, na hilo nalo nililiona, maana ukuta wao ulikuwa na tundu.

Bi Kidawa hakulia. Aliendelea kupepeta mchele, akauliza, "Hiyo shingo uliiona ina nini? Imevimba?"

"Shingo sikuiona, mke wangu. Niliona kilemba, kisha nikaona ndevu."

"Basi tibu ulichokiona," akasema, akawamwagia kuku chuya.

Kesho yake Vuai akarudi barazani, akapiga magoti.

"Maulana, nimekatazwa mwili. Je, na nguo nimekatazwa?"

"Nguo hukukatazwa."

"Basi mgonjwa nimemwona. Ni kilemba."

Watu wakaangua kicheko, nami nikaangusha upepeo. Waziri akadakia kwamba mila hairuhusu kilemba kuvuliwa kwa raha ya Sultani. Vuai akajibu kwamba yeye hana habari na raha ya Sultani. Mgonjwa hulazwa, na mila haikusema popote kwamba kilemba kikiugua kiachwe kife kichwani. Sultani akaona haya ni mambo ya upuuzi, lakini upuuzi usio mchungu kama shubiri, akakubali.

Basi kilemba kikalazwa kitandani, kikafunikwa shuka, na Sultani akabaki na kofia. Vuai akakikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akakifukiza mvuke, akakiagizia supu ya kuku, na kila mara bakuli lilirudi tupu. Kisha akatoa masharti kwa jamaa wa mgonjwa. Jamaa haji kutazama mgonjwa akiwa amebebwa. Kwa hiyo Sultani akawa akitembea kwa miguu yake kila siku, nyua tatu kwenda na nyua tatu kurudi. Akifika, awasalimu wauguzi wa kuume, kisha wa kushoto, polepole, asimruke mtu. Na kitambaa cha moto kikitoka kwa mgonjwa, jamaa wa karibu ndiye akitunze hata kipoe. Sultani akauliza akitunze wapi, akaambiwa begani, karibu na shingo, kwa mkono wake mwenyewe. Akakiweka, akafumba macho, akasahau kukiondoa.

Siku ya saba mashua ilikuwa tayari. Sultani akaja kama kawaida.

"Mgonjwa hajambo?"

"Angali dhaifu, Maulana. Naye Waziri wako amesimama mlangoni na kasia."

Sultani akageuza shingo kumtazama Waziri. Akaigeuza yote, hata kidevu kikafika begani, ndipo akatambua alichokifanya.

Waziri akasema hiyo ni bahati tu, na akaomba kilemba kirudishwe kichwani, waone. Kikarudishwa. Sijampepea mara kumi, shingo ikakaza kama mlingoti. Sultani akakivua mwenyewe, akakilaza taratibu.

"Nilisema angali dhaifu," akasema Vuai. "Huyu, Maulana, hawezi kutoka kitandani. Ana miaka ishirini na saba, na miaka yote hiyo amekalia shingo ya mtu mmoja."

Sultani akacheka hata kofia ikamwanguka. Akaamuru kilemba kikae kitandani daima, kitolewe Siku ya Mwaka tu, juu ya sinia. Waziri akafanywa mwuguzi wake, akikande asubuhi na jioni na azitembee zile nyua tatu, na yasemekana goti lake lilipata nafuu. Vuai akapewa shamba, na Bi Kidawa akajifungua binti mumo humo mjini, mikononi mwa mkunga wake.

Haya yote niliyaona. Neno moja tu nimelitia mimi, nalo ni kile kicheko cha Sultani, kwa kuwa nisipomchekesha Sultani watu huniambia hadithi haijaisha. Hakucheka. Alikilaza kilemba, akaketi ukingoni mwa kitanda kando yake, na kabla Vuai hajamaliza maneno alikuwa amelala fofofo, kichwa kimeinamia bega, anakoroma. Amri zile alizitoa alipoamka, kesho yake adhuhuri. Tuliocheka ni sisi, viganja midomoni, tusije tukamwamsha.