Akabadilishe Khanga Kwanza

Kulikuwa na mpiga picha mmoja, katika mji mdogo kama huu wetu. Hakuna harusi aliyoikosa, naye alipenda kujisifu kwamba hata ninyi mkisahau, kamera yake haisahau.

Siku moja akaja binti mmoja, macho yamemvimba. Mama yake amefariki, kesho wanazika, na nyumbani hakuna picha hata moja ya kuweka mbele ya jeneza. Mpiga picha akamwambia asihangaike. Mama yule si ndiye aliyepika kwenye harusi zote za mji? Atakosekanaje?

Akafungua kompyuta. Harusi hii, moshi na mkono ulioshika mwiko. Harusi ile, mgongo. Nyingine, ncha ya khanga tu inatoka nje ya picha. Akachanganyikiwa, ndugu zangu! Chakula cha mama huyu amekula miaka yote, na salamu hawakunyimana. Sasa amekwenda wapi? Picha zimefutika? Kila alivyozidi kutafuta ndivyo mama alivyozidi kupotea.

Akafika kwenye harusi ya binti huyu mwenyewe. Ukoo mzima umejipanga, na ubavuni mwa bibi harusi pana nafasi tupu ya mtu mmoja.

"Hapa nilimsimamisha mama yako," akasema. "Nakumbuka kabisa. Nilimwondoa mimi? Mbona sielewi?"

Binti akaweka kidole kwenye ile nafasi.

"Hukumwondoa wewe, kaka. Mimi ndiye niliyemwambia ananuka moshi, akabadilishe khanga kwanza. Halafu nikakwambia upige tu, wageni wana njaa."

"Na aliporudi?"

"Alirudi amependeza. Tulikuwa tumeshatawanyika. Akaenda kupakua."

Kesho yake binti alitangulia mbele ya jeneza amebeba picha hiyohiyo. Waombolezaji wakabaki wanaulizana, marehemu ni yupi hapa?

Wapendwa, sisi tunajiita mashahidi. Ni shahidi gani huyo anayesubiri mtu apendeze ndipo amwone? Tusimlaumu mpiga picha. Yeye alipiga tulichompangia. Leo baada ya ibada tutapiga picha ya usharika mzima. Sasa hivi, nyuma ya kanisa hili, kuna mama anatuchemshia chai. Mwiteni. Na akisema anakwenda kubadilisha nguo kwanza, mshikeni mkono, msimwachie.