Kanga na Fundi wa Kesho Mapema

Paukwa!

Pakawa!

Paa la nani linavuja?

La kwetu!

Basi sogeeni huku penye ukavu. Watoto mbele, mama zenu nyuma. Tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakikaa kwenye nyumba na kupigiana hodi, alikuwapo Mama Kanga. Mama Kanga alikuwa mpole. Mpole mno. Siku hizo kanga hakuwa na kelele hizi mnazozijua. Alikuwa na sauti ndogo, kama ya mtu anayerudi kwa jirani kuomba chumvi tena.

Mama Kanga alikuwa na mayai. Akiyaatamia mchana, akiyaatamia usiku, ndani ya kibanda chake ukingoni mwa mbuga. Kuta za kibanda zilikuwa nzuri, zimekandikwa zikakandikika. Lakini juu! Juu paa limeoza. Paa la nyumba nasema, si yule paa mwenye pembe. Ukilala chali unaona mawingu yanapita.

Na masika yanakuja.

Wenye kufuga mnajua. Kifaranga wa bata akilowa, anafurahi. Kifaranga wa kanga akilowa, anakufa. Ndivyo alivyoumbwa. Masika yaliyopita Mama Kanga aliangua vifaranga wazuri, madoadoa matupu. Mvua ikaja, paa likavuja, na kulipokucha hakuwa na wa kumwita. Hakumsimulia mtu. Alisema moyoni tu, "Safari hii natafuta fundi."

Hata hajaanza kutafuta, fundi huyo! Nyani. Kisu kiunoni, kijiti nyuma ya sikio.

"Hodi hapa!"

"Karibu, baba."

"Naona paa lako, mama, linataka fundi wa kuezeka."

"Ndiyo, baba."

"Basi acha kutafuta. Umempata."

Nyani akaingia. Akatazama juu. Akatikisa kichwa. "Ts, ts, ts! Nani alikuezekea namna hii?"

"Marehemu mume wangu."

"Alaa!" Nyani akakohoa. "Alijitahidi."

Mama Kanga akajikaza. Akasema kwa sauti yake ile ndogo, "Fundi, samahani. Ipo nyumba uliyoiezeka wewe, nikaione?"

"Zipo tele! Twende."

Wakaenda mpaka kwenye kilima. Jua kali, linawaka. Na pale kilimani alikuwa amelala Babu Kobe, fofofo, kichwa ndani, miguu ndani. Nyani akasimama mbali kidogo, akanyoosha mkono.

"Mama, unaliona paa lile? Tazama lilivyo la duara. Tazama vipande vilivyokaa, hiki na hiki, hakuna ufa. Unamjua fundi wake?"

"Ni nani?"

"Nani anakuonyesha?"

Mama Kanga akalitazama paa. Paa zuri! Jicho lake halijapata kuona paa zuri kama lile. "Ngoja nipige hodi," akasema, "nimuulize mwenyewe kama halivuji."

"Loo! Mama, mzee amelala. Utamwamsha mzee wa watu kwa ajili ya paa?"

Mama Kanga akaona haya. Akarudi nyumbani.

Haya. Kazi ikaanza. Ikaanza kwa chai, maana Nyani alisema hapandi juu na tumbo tupu. Akala mihogo. Akafuatisha karanga, zile karanga ambazo Mama Kanga aliwawekea vifaranga. Ndipo akapanda. Akabomoa paa la zamani lote, kru! kru! Akaanza kufunga nyasi mpya juu kabisa, kileleni.

Mama Kanga akachungulia. "Fundi, samahani. Marehemu alianzia chini, ukingoni, akapanda nazo. Alisema nyasi za juu zinafunika za chini, ndipo maji yanateleza."

"Mama, wapita njia wanaona chini au wanaona juu?"

"Wanaona juu."

"Basi nianze wapi?"

Na kweli, Swala akapita, akatazama. "Ehee! Mama Kanga, una fundi!" Pundamilia naye akapita. "Fundi anajua huyo!" Nyani akavimba kichwa. Akafunga kidogo, akashuka.

"Nyasi zimekwisha, mama. Bado kidogo tu. Kesho mapema!"

"Haya, fundi."

Kesho ikafika. Jua likatoka. Nyani hayupo. Jua likawa utosini. Nyani hayupo. Jua likazama, naye hayupo. Alipokuja, alikuja na uso wa huzuni.

"Mama, nilifiwa. Mjomba."

"Pole, fundi."

Akala mihogo. Akafunga nyasi kidogo. "Kamba zimekwisha. Bado kidogo tu, mama. Kesho..."

Kesho nini, watoto?

Kesho mapema!

Kesho hiyo nayo ikapita hivi hivi. Alipokuja, alisema, "Mama, nilifiwa. Mjomba."

"Fundi, mjomba si alikwisha kufa?"

"Huyu mwingine. Sisi nyani tuna wajomba wengi."

Mara amechomwa mwiba. Mara ngazi imeazimwa, na yeye hapandi kwa ngazi, anapanda kwa mikono! Mara amepata kikazi kidogo ng'ambo ya mto. Na kila akiondoka, kisu chake anakichomeka juu ya paa, tii, kisimame. "Nakiacha hapa, mama, ili kila fundi ajue kazi hii ina mwenyewe. Bado kidogo tu. Kesho..."

Kesho mapema!

"Haya, fundi," akasema Mama Kanga.

Haya, fundi! Haya, fundi! Mdomoni alisema haya, lakini moyoni alikuwa na mengine. Maneno yakampanda mpaka kooni. Akayameza. Yakapanda tena. Akayameza tena. Alikaa juu ya mayai yake na maneno yamemjaa kama mtu aliyekula dona la jana. Angeyasema vipi? Mtu amekula mihogo yako, amelia wajomba zake mbele yako, utamfukuza kwa mdomo gani?

Siku moja, mchana, mayai yakaanza kulia. Kwi. Kwi. Vifaranga wako ndani, wanagonga. Mama Kanga akafurahi. Akatazama nje. Furaha ikamwisha. Kule milimani wingu limesimama, jeusi tii.

Manyunyu yakatangulia. Manyunyu tu, mvua yenyewe bado. Mama Kanga akatazama juu, akasema, "Angalau pale kileleni pamefungwa."

Ndo!

Tone likamwangukia mdomoni.

Ndo! Ndo! Likaanguka juu ya yai.

Maji yalikuwa yakifuata zile nyasi kama yamechongewa njia, moja kwa moja hadi ndani. Fundi alizipanga kinyume. Za chini juu, za juu chini. Pale palipoezekwa palivuja kuliko pale palipokuwa wazi!

Mama Kanga akayafunika mayai kwa ungo. Akatoka mbio. Tifu, tifu, tifu, mpaka kilimani. Leo hakuona haya. Akagonga lile paa la duara, ko! ko! ko!

"Hodi! Hodi, Babu Kobe!"

Kichwa kikatoka polepole. "Nani ananigonga mgongo?"

"Shikamoo, babu. Nisamehe. Fundi aliyekujengea paa hili, alichukua muda gani kulimaliza?"

"Paa gani?"

"Hili hapa."

"Mjukuu wangu, huu ni mgongo. Nilitoka nao kwenye yai."

Mama Kanga akaugusa ule mgongo kwa mdomo. "Nyani aliniambia ameliezeka yeye."

"Nyani! Yule anayekuja kunikalia nikiwa nimelala, akidhani mimi ni jiwe? Kwa nini hukuniuliza mimi mwenyewe?"

"Alisema umelala, babu."

"Nililala, ndiyo. Kwani ukiniamsha siamki?"

Mama Kanga akageuka. Akakimbia. Njiani akaona nyumba ya Sungura. Kileleni pana nyasi mpya, na kisu cha Nyani kimewahi kuchomekwa hapo, tundu linaonekana. Akapiga hodi, akaingia. Loo! Sungura amekaa katikati ya nyumba, masikio yamelowa chapachapa, sufuria mapajani. Ndo, ndo, ndo, yanaingia humo.

"Sungura! Na wewe aliyekuezekea ni Nyani?"

"Ni Nyani, dada."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Nilikwisha kumsifu kwa kila mtu. Na wewe mbona hukuniuliza?"

Wakatazamana. Sufuria ikajaa. Sungura akaimwaga nje, akakaa tena.

"Dada," akasema, "nenda mtoni kwa ndege Mnana. Nyumba zake zinaning'inia juu ya maji. Tia kichwa ndani ujionee. Usimsikilize mtu, hata mimi. Tia kichwa."

Mama Kanga akaenda. Manyunyu yanaanguka. Akatia kichwa kwenye nyumba ya Mnana, akapapasa kwa mdomo. Pakavu. Pakavu kabisa, mpaka akapiga chafya ya vumbi.

"Nani anapiga chafya kwangu?" Mnana akauliza.

"Mimi, baba. Nataka kuezekewa. Unaweza kuja..." Akafumba macho, akingojea lile neno. "...unaweza kuja lini?"

"Sasa. Wingu lile halikusema kesho." Mnana akakuna kichwa. "Ila nikwambie kabisa. Kazi yangu huwa inakaguliwa na mke wangu. Nawe ukague. Msipoipenda, nabomoa."

"Hutakasirika?"

"Nitakasirika. Kisha nitabomoa. Nimezoea, ndani ya ndoa yangu nimebomoa nyumba nyingi kuliko nilizobakiza."

Mnana akapiga mluzi. Wakaja ndugu zake, wakaja mashemeji, mti mzima ukahama. Kila mmoja na unyasi mdomoni. Prrr! mpaka kwa Mama Kanga.

Wanafika, wanamkuta nani?

Nyani! Amekaa ndani, amejikunyata pembeni pasipovuja sana, ameshika bakuli la karanga. Na ungo ameusukuma kwa mguu ili apate nafasi. Mayai yako wazi.

"Ah, mama, umekuja," akasema, anatafuna. "Na hawa ni nani? Hukuona kisu changu juu? Kazi hii ina mwenyewe. Bado kidogo tu, mama. Kesho ma..."

Hakumaliza.

Yale maneno yote yaliyomezwa, ya mihogo, ya wajomba, ya kamba, ya mwiba, yakapanda kwa pamoja. Mama Kanga akafungua mdomo.

"KE! KE! KE! KE! KEKEKEKEEE! Toka! Toka! Toka! Kekekekee! Hakuna kesho! Wanangu ni leo! Chukua kisu chako! Chukua wajomba zako! Kekekekeee!"

Mbuga nzima ikasikia. Pundamilia akaacha kula. Sungura akatoka na sufuria yake. Nyani akaruka, karanga pwaa! Akatoka nje kwa miguu na mikono, akapanda mtini mpaka juu kabisa.

Mnana na jamaa zake wakashika kazi. Wakavua nyasi za Nyani. Wakaanzia chini, ukingoni, wakapanda nazo. Mke wa Mnana nyuma yao, anavuta hapa, anavuta pale.

"Hapa pamelegea."

Mnana akavuta pumzi. Akabomoa. Akafunga upya.

Wingu limefika juu ya mti. "Wifi," akalia Mama Kanga, "mvua hiyo!"

"Basi ndiyo itakayopita hapa tukipaacha," akajibu mke wa Mnana. "Na hapa pia, mume wangu."

Mnana akanung'unika. Akabomoa. Akafunga.

Fundo la mwisho likakazwa kileleni. Mvua ikashuka. Ngruuu! Pwaaa! Mvua ya kuziba macho. Mama Kanga ameyakalia mayai, shingo imesimama, anatazama juu. Anangoja. Anangoja ndo.

Ndo haikuja.

Akangoja tena. Haikuja. Chini ya kifua chake akasikia ka! Ganda limepasuka. Ka! Na jingine. Wakatoka, madoadoa matupu, wakavu, wanalia kwi kwi kwi, wakazipata karanga sakafuni. Mama Kanga akawaita, akawaita tena, ili tu asikie wanaitika.

Kisha akatazama mlangoni. Kule juu ya mti amekaa Nyani. Mikono kichwani, maji yanamchuruzika puani.

"Fundi!" Mama Kanga akaita. Sauti haikuwa ndogo tena. "Kumbe hata wewe mwenyewe huna nyumba?"

"Nitajenga," akajibu Nyani, anatetemeka. "Nitajenga..."

Lini, watoto?

Kesho mapema!

Mpaka leo hajajenga. Mvua ikinyesha, mtamwona mtini amejikunja. Na kanga mpaka leo akiona kitu hakimridhishi, hamezi neno. Anapiga kelele papo hapo, kekekekeee, hata kama ni usiku na nyinyi mmelala.

Basi mkisikia, mjifunze. Habari za fundi usimuulize fundi. Waulize wanaolala chini ya kazi yake, uingie ndani, utazame mvua inaponyesha. Mzee akiwa amelala, mwamshe. Mchukue fundi anayekubali kukaguliwa. Na kazi isipokupendeza, sema siku ya kwanza, usiseme haya, fundi.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya paa lisilovuja. Anayevujiwa abaki kwangu mpaka mvua ikatike.