Sauti Waliyoikemea

Ndugu zangu, nyinyi mnaojipepea kwa vitabu vya nyimbo, nawaona. Joto la leo halina simile. Basi nisikilizeni.

Kulikuwa na mtu mmoja, mtu wa maombi kweli, aliyekuwa na mbwa. Alimlea tangu mdogo na alimpenda. Siku moja, jua kama hili, alitoka na gari kumpeleka mbwa kuchanjwa, akapitia kanisani kwenye maombi ya mchana. Mtaa ule wezi walikuwa waking'oa vioo vya pembeni vya magari. Akaona heri mbwa abaki ndani alinde gari. Akapandisha madirisha yote, akafunga milango, akatia funguo mfukoni. Uani hapakuwa na kivuli hata cha kuku.

Ndani watu wakapiga magoti. Walipofika mahali pa kunyamaza, wakasikia kitu kinakwaruza. Kikakwaruza tena, kisha kikalia kwa kuvuta, mlio ambao hakuna aliyeutambua. Wakafumbua macho, wakatazama dari. Kiongozi wa maombi akasema hiyo ni roho chafu iliyotumwa kuvuruga ibada, na wote waikemee.

Wakasimama wakaifukuza kwa sauti moja. Na aliyekemea kuliko wote, mpaka shati likamganda mgongoni, alikuwa nani? Huyo huyo mwenye mbwa.

Mama mmoja mgeni, aliyekaa karibu na dirisha, akamsogelea kiongozi.

"Mtumishi, samahani. Hiyo sauti inatoka nje, kwenye magari. Naona kama ni mnyama."

"Mama, adui anataka hivyo hivyo, tuache maombi tutoke nje. Rudi ukae."

Alikuwa mgeni. Ungekuwa wewe, ungebisha? Akarudi akakaa.

Wakakemea tena. Kukwaruza kukapungua, kukawa kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi huku anasinzia. Kisha pakawa kimya. Wakapiga vigelegele kwamba imetoka, na mwenye mbwa akashuhudia kuwa aliisikia ikimpita begani, ya baridi.

Wakatoka nje. Gari lilikuwa pale, vioo vya pembeni viwili vipo salama. Dirisha la dereva lilikuwa limechafuka mate kwa ndani, na juu ya mate yale alama za kucha, kutoka juu mpaka chini. Akafungua mlango, joto likampiga usoni. Mbwa alikuwa amelala kwenye kiti chake yeye, pua imegusa kitasa. Alimwita. Aliendelea kumwita.

Imetoka nini pale, ndugu zangu? Na nani aliitoa?

Mfano huu unaniuma, kwa sababu ni sisi. Gari likiziba njia, tunatangaza namba yake kwenye kipaza sauti hata katikati ya mahubiri. Lakini gari lenye kiumbe wa Mungu anayeungua ndani hatulitangazi, maana halijamzuia mtu kwenda kula. Leo ukimwona mnyama amefungiwa juani, nikatishe. Nikatishe hata nikiwa nabariki. Mtafute mwenye gari, na asipoonekana, vunja kioo, umtoe, umweke kivulini, umpe maji. Hata ukiambiwa wewe ni mgeni, rudi tena useme.

Sasa tuombe. Ila leo hatuanzi kwa sauti. Tunyamaze kwanza, tusikilize nje, na kila mmoja apapase mfuko wake. Yule mtu alikemea mchana kutwa, na funguo alikuwa nazo yeye.