Chiriku wa Mize

Paukwa!
Pakawa!

Sogeeni. Kisa hiki ni cha zamani sana, cha kijiji kimoja kisiwani, siku ambazo kisiwa kile hakikuwa na chiriku hata mmoja.

Alikuwapo Mzee Shaame, mwamuzi wa magomvi. Binti yake, Mize, alipoolewa, mumewe alimletea chiriku wawili kutoka bara, katika tundu la fito. Asubuhi tii-tii-twii, jioni tii-tii-twii. Mize akicheka, nao wanaitika.

Mungu akamchukua Mize. Mila ya pale, siku ya arobaini, chochote alichokifunga marehemu hufunguliwa kiwe sadaka yake, awe mbuzi, awe kuku. Mzee Shaame akasema bismillahi, akafungua tundu. Chiriku wakatua mlimaoni, wakaimba. Mzee akalia, akapata nafuu.

Mwaka wa kwanza, viota viwili. Mwaka wa pili, ishirini. Mwaka wa tatu wimbo ukajaa kisiwa kizima, na uwele mashambani ukaliwa nao ungali mbichi. Kusini masuke matupu, kaskazini masuke matupu. Watoto wakalala na njaa.

Hakuna aliyetaka kumsemesha mfiwa. Bi Kazija tu, jirani yake, mjane mwenye ulimi, alimwambia:

"Shemeji, sadaka yako ina tumbo kuliko ng'ombe wangu."

Wengine wakamtetea, kwamba alifuata mila, hakukosea. Mzee akatikisa kichwa.

"Mila iliwajua mbuzi na kuku. Wageni hawa haikuwajua, na mimi sikuuliza. Sadaka ilikuwa yangu, njaa imekuwa yenu."

Akajenga dungu, jukwaa refu la miti, katikati ya mashamba. Kila siku, akisha kusali alfajiri, hupanda na teo lake kuamia, kuwafukuza ndege wasile. Chiriku wakaja, tii-tii-twii, sauti ile ile ya nyumbani kwa Mize. Akatia jiwe, akazungusha. Vuu! Wakaruka. Wakarudi. Vuu!

Bi Kazija akampelekea maji, akakuta machozi yamefika ndevuni.

"Shuka, shemeji. Nitaamia mimi."

"Niache. Nikishuka nitakaa kuwasikiliza."

Akaamia mpaka siku zake zikaisha. Ndege hawakuisha, ila uwele ulivunwa na watoto wakala. Siku aliyozikwa, dungu lilikuwa tupu, na chiriku wakala walivyotaka. Kesho yake, Bi Kazija akachukua teo, akapanda.

Basi wanangu, huzuni ni yako na Mola wako. Lakini kabla hujaifungulia mlango, muulize jirani itatua wapi.

Kisa changu kimekoma hapa. Waombeeni wafu wenu.